Hesabu ya punje za kahawa kwa Python inachelewa: nihamie C nzima au nichanganye?

PunjeMoshi:

Wakuu, habari za jioni.

Natengeneza programu ya kupima kahawa iliyokobolewa hapa Moshi. Kamera yenye pikseli 4056 kwa 3040 imefungwa juu ya trei ya bluu, upana wa trei ni milimita 300. Punje zinatandazwa zisipandane, picha inapigwa, kisha programu ihesabu punje, ipime upana wa kila moja ili ijulikane ingebaki juu ya chekeche namba ngapi, na itoe idadi ya punje zenye madoa. Mashine ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye memori ya GB 2. Itakaa ghalani, ambako intaneti si ya kutegemea.

Yote nimeandika kwa Python. Picha moja inachukua karibu dakika nzima, na muda mwingi unaishia hapa:

```python
picha = cv2.imread("trei.png")
kimo, upana, _ = picha.shape
for y in range(kimo):
    for x in range(upana):
        b, g, r = picha[y, x]
        if b - r < 40:          # si bluu ya trei, basi ni punje
            alama[y, x] = 1
```

Baada ya hapo naunganisha pikseli zinazogusana kuwa punje moja, napima upana, natafuta madoa.

Maswali yangu ni matatu. Niandike upya programu nzima kwa C au C++? Kama jibu ni hapana, nahamishaje sehemu tu, na Python inaiitaje hiyo sehemu? Na la mwisho: punje za rangi ya manjano na kahawia zinapotea kwenye hesabu ingawa kwenye picha zinaonekana wazi. Je, ni taa?

---

Themi_64:

Mkuu, tuanze na swali la mwisho, maana hilo linaharibu matokeo na hakuna kasi itakayoliponya.

Taa hazina kosa. `cv2.imread` (cv2 ni OpenCV, maktaba ya kuchakata picha) inakupa arei, yaani jedwali la namba, ya aina ya `uint8`: namba za 0 hadi 255, bila hasi. Punje yenye b=100 na r=115 ilipaswa kutoa -15. Kwenye `uint8` jibu linazunguka na kuwa 241, na kwa kuwa 241 si ndogo kuliko 40, pikseli inaachwa. Punje za manjano na kahawia ndizo zenye r kubwa kuliko b, kwa hiyo ndizo zinazopotea, na bahati mbaya ndizo mnunuzi anazotaka kuzijua. Hesabu ya namba mojamoja ikizunguka hivyo, NumPy (maktaba ya Python inayoshughulikia arei) huandika onyo la `RuntimeWarning` kwenye terminali. Ikiwa ni arei nzima, inanyamaza kabisa.

Afadhali hukukimbilia C kabla ya kuuliza. Kwenye C, `uint8_t` hupanuliwa kuwa `int` kabla ya kutoa, hivyo b - r ingetoka -15 sahihi. Matoleo mawili ya programu yangekupa idadi mbili tofauti, nawe ungetafuta kosa upande usio na kosa.

Sasa kasi. Picha yako ina pikseli 12,330,240. Kwa kila moja, `picha[y, x]` inatengeneza arei ndogo mpya, kisha kuifungua kunatengeneza namba tatu, kila moja ikiwa kitu kamili chenye aina yake na hesabu yake ya wanaokishikilia. Kutoa b - r kunazaa kingine. Kazi halisi ni ya nanosekunde chache, lakini matayarisho yake yanaizidi mara mia na zaidi. Kwa namna hii arei ya NumPy iko nyuma hata ya orodha ya kawaida ya Python, kwa sababu haikuundwa kuguswa kipengele kimoja kimoja.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa C, pima kwa cProfile, kifaa cha Python kinachoonesha muda unaishia wapi:

```
python3 -m cProfile -s cumtime pima.py | head -30
```

cProfile inaona fanksheni, haioni mistari. Programu ikiwa imeandikwa moja kwa moja bila fanksheni, haitakuambia kitu, kwa hiyo igawe kwanza: kusoma picha, kutenga punje, kuunganisha, kupima upana, madoa, kuandika matokeo. Ukishaona namba, kumbuka kanuni aliyoieleza Gene Amdahl mwaka 1967: kama sehemu unayoiharakisha ni asilimia 90 ya muda wote, hata ikiwa ya papo kwa papo programu nzima itaongeza kasi mara 10 tu. Hiyo ndiyo sababu ya kutohamisha kila kitu. Kusoma faili, kupanga majina, kuandika ripoti, hayo yote C haitayapa kasi unayoweza kuiona, na utajiongezea kazi ya kusimamia memori kwa mkono.

Sehemu kubwa ya unachotaka kuandika kwa C tayari ipo kwa C na C++, ndani ya NumPy na OpenCV:

```python
tofauti = picha[:, :, 0].astype(np.int16) - picha[:, :, 2]
alama = (tofauti < 40).view(np.uint8)
n, lebo, takwimu, vitovu = cv2.connectedComponentsWithStats(alama, connectivity=8)
```

`int16` inabeba hasi, tatizo la kuzunguka limekwisha. `view` badala ya `astype` inakuepusha na nakala nyingine ya MB 12. Kila kundi la pikseli zinazogusana linapewa namba yake, yaani lebo. Lebo 0 ni trei, kwa hiyo punje ni n - 1, na ondoa zile zenye eneo dogo mno kuwa punje: vumbi na vipande vya maganda.

Kwa upana tumia `cv2.findContours` (inatafuta mzingo wa kila punje) kisha `cv2.minAreaRect` (inauzungushia mstatili mdogo kuliko yote), uchukue upande mfupi. Ni upande mfupi kwa sababu punje hupita kwenye tundu la mviringo la chekeche kwa upana wake, urefu hauizuii. Ongeza pikseli 1, kwa kuwa mzingo wa OpenCV unapita katikati ya pikseli za pembeni, si kwenye ukingo wake wa nje.

Jambo moja usikubali kushauriwa: kupunguza picha ili iende haraka. Namba ya chekeche ni sehemu za 64 za inchi. Namba 18 ni milimita 7.14, namba 17 ni 6.75. Kwa trei yako, milimita moja ni pikseli 13.5, hivyo tofauti ya 18 na 17 ni pikseli 5 tu: 96.5 dhidi ya 91.3. Ukipunguza picha hadi robo ya upana wake, inabaki 24 dhidi ya 23, na kosa la pikseli moja linahamisha punje kutoka daraja moja kwenda jingine.

---

PunjeMoshi:

Asante sana mkuu. Punje za manjano zimerudi zote, na lupu (mzunguko wa `for`) niliyoileta haipo tena kwenye orodha ya cProfile.

Kilichobaki ni madoa. Kanuni ni hii: pikseli inahesabiwa kuwa doa ikiwa ni nyeusi kuliko wastani wa punje yake mwenyewe kwa 30 au zaidi, na angalau jirani zake 5 kati ya 8, za punje hiyohiyo, nazo ziko hivyo. Jirani zinaondoa nukta za kelele ya kamera. Nimejaribu kwa NumPy, lakini kila hatua inazaa arei nyingine ya ukubwa wa picha, na ikiwa ya `float64` ni MB 98 kila moja. GB 2 zinajaa na Pi inaanza kuandika memori kwenye kadi. Hapa naona C haikwepeki. Naomba muongozo.

---

DadaWaNjiro:

Hapo kweli ni mahali pa C, kaka. Kanuni yako inahitaji kupita kwenye picha mara moja, ikitazama majirani, bila arei za katikati. Anza na faili hili, `madoa.c`, ambamo `kijivu` ni picha isiyo na rangi, `lebo` ni namba za punje, na `kina` ni ile 30 yako:

```c
#include <stdint.h>

int madoa(const uint8_t *kijivu, const int32_t *lebo,
          int32_t kimo, int32_t upana,
          const uint8_t *wastani, int32_t n,
          int32_t kina, int32_t *hesabu)
{
    for (int32_t y = 1; y < kimo - 1; y++) {
        for (int32_t x = 1; x < upana - 1; x++) {
            int64_t i = (int64_t)y * upana + x;
            int32_t p = lebo[i];
            if (p == 0) continue;
            if (p < 0 || p >= n) return -1;
            int32_t kikomo = (int32_t)wastani[p] - kina;
            if (kijivu[i] > kikomo) continue;
            int nyeusi = 0;
            for (int dy = -1; dy <= 1; dy++)
                for (int dx = -1; dx <= 1; dx++) {
                    int64_t j = i + (int64_t)dy * upana + dx;
                    if (lebo[j] == p && kijivu[j] <= kikomo) nyeusi++;
                }
            if (nyeusi >= 6) hesabu[p]++;   /* yenyewe + jirani 5 */
        }
    }
    return 0;
}
```

Lupu ya y iko nje na ya x ndani kwa makusudi. Memori ya picha imepangwa mstari kwa mstari, na prosesa inavuta baiti 64 kwa mkupuo. Ukigeuza lupu, kila hatua inaruka mstari mzima na baiti nyingi zilizovutwa zinatupwa bila kutumika. Msimbo ni uleule, majibu ni yaleyale, muda unaongezeka mara kadhaa. Na x na y zinaanzia 1 ili majirani wasitoke nje ya picha. C haitakuzuia kusoma nje ya arei. Itasoma chochote kilichopo.

Kompaili, yaani geuza msimbo kuwa lugha ya mashine (faili la `.so` ni maktaba ambayo programu nyingine inaweza kuiita):

```
gcc -O2 -Wall -Wextra -shared -fPIC -o libmadoa.so madoa.c
```

Ukisahau `-O2`, gcc haiboreshi chochote, na utadhani C imekudanganya. Ukiandika kwa C++, weka `extern "C"` mbele ya fanksheni, la sivyo kompaila itabadilisha jina lake na Python itasema halipo. Pia usiruhusu eksepsheni ya C++ itoke nje ya fanksheni hiyo: ikivuka kuja ctypes (moduli ya Python inayoita fanksheni za C), programu nzima inakufa papo hapo. Ikamate ndani, rudisha namba ya kosa.

Upande wa Python:

```python
import ctypes, pathlib
import numpy as np
from numpy.ctypeslib import ndpointer

hapa = pathlib.Path(__file__).resolve().parent
lib = ctypes.CDLL(str(hapa / "libmadoa.so"))
u8  = ndpointer(np.uint8, flags="C_CONTIGUOUS")
i32 = ndpointer(np.int32, flags="C_CONTIGUOUS")
lib.madoa.argtypes = [u8, i32, ctypes.c_int32, ctypes.c_int32,
                      u8, ctypes.c_int32, ctypes.c_int32, i32]
lib.madoa.restype = ctypes.c_int

def hesabu_madoa(kijivu, lebo, wastani, kina=30):
    if kijivu.shape != lebo.shape:
        raise ValueError("picha na lebo hazilingani ukubwa")
    kijivu  = np.ascontiguousarray(kijivu, dtype=np.uint8)
    lebo    = np.ascontiguousarray(lebo, dtype=np.int32)
    wastani = np.ascontiguousarray(wastani, dtype=np.uint8)
    matokeo = np.zeros(len(wastani), dtype=np.int32)
    kimo, upana = lebo.shape
    if lib.madoa(kijivu, lebo, kimo, upana,
                 wastani, len(wastani), kina, matokeo) != 0:
        raise ValueError("kuna lebo nje ya idadi ya punje")
    return matokeo
```

Usiache `argtypes` na `restype` hata siku moja. Usipoziandika, ctypes inachukulia kwamba jibu ni `int` ya biti 32. Fanksheni inayorudisha `double` itakupa takataka, na inayorudisha pointa (anwani ya mahali kwenye memori) itakatwa nusu kwenye mfumo wa biti 64. Lililo baya zaidi ni kwamba pointa iliyokatwa wakati mwingine inafanya kazi, ikitegemea memori ilipangwa wapi siku hiyo, kisha inaanguka siku kahawa imejaa ghalani.

`ascontiguousarray` ipo kwa sababu ukikata kipande cha picha, mfano `picha[100:900, 200:1200]`, NumPy hainakili. Inakupa dirisha juu ya memori ileile, mistari ikiwa na mapengo kati yake. C haijui mapengo hayo. Ingesoma pikseli za mstari usio wake, na hakuna kosa lolote ungeoneshwa, ila hesabu isiyo sahihi.

Memori yote hapa imetengwa na Python: C inapewa pointa, inaandika, inaondoka. Shikilia mpango huo. Ukianza kutenga memori kwa `malloc` ndani ya C na kurudisha pointa, lazima pia uandike fanksheni ya kuiachilia na Python ikumbuke kuiita. Na usipitishe anwani ya kitu cha muda kama `(kijivu + 5).ctypes.data`. Hiyo ni namba tupu. Arei yenyewe inafutwa mara tu usemi unapoisha, na C inabaki na anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Iite C mara moja kwa picha nzima, si kwa kila pikseli. Kila mwito wa ctypes una gharama yake ya kukagua na kugeuza vigezo, mara nyingi karibu mikrosekunde moja na kupanda. Mara 12,330,240 hiyo inakurudisha ulikotoka.

Wastani wa kila punje nao uhamishie C. Wengi wangetumia `np.bincount(lebo.ravel(), weights=kijivu.ravel())`, lakini bincount inageuza lebo kuwa biti 64 na uzito kuwa `float64`: hizo ni MB 98 mara mbili, tatizo lilelile unalolikimbia. Fanksheni ya pili yenye jumla za `int64_t` na idadi kwa kila lebo haizidi mistari kumi.

---

Rau_Linux:

Dada ameeleza vizuri, lakini C si njia pekee na mtu asome akijua hivyo.

Numba inakuruhusu kubaki kwenye Python: unaandika lupu hizohizo, unaweka `@njit(cache=True)` juu yake, inakompailiwa mara ya kwanza inapoitwa. Mwito huo wa kwanza unachukua sekunde kadhaa. Lugha ya Rust kwa PyO3 na maturin (vifaa vya kuiunganisha na Python) inakagua mipaka ya arei, na ikivuka, Python inapata eksepsheni yenye maelezo badala ya mchakato mzima kuuawa. pybind11 ni nzuri pale unapotaka kupeleka madarasa ya C++ kwa Python.

Kwa kifaa kinachokaa ghalani bila intaneti, mimi bado ningechagua C na ctypes. Sababu ni kwamba `libmadoa.so` haigusi chochote cha ndani ya Python. Ukibadilisha Python kutoka 3.11 kwenda 3.13, faili linaendelea kufanya kazi. Moduli za pybind11 kwa kawaida hufungwa kwa toleo moja la Python. Jina la faili lenyewe hubeba toleo hilo.

Sasa kuhamisha kutoka laptopu kwenda Pi, maana hapo ndipo watu hukwama:

Faili la `.so` la laptopu ya Intel au AMD halifanyi kazi kwenye Pi. Kompaili juu ya Pi yenyewe. Faili moja la C ni kazi ya sekunde. Angalia pia mfumo wa Pi ni biti ngapi kwa `getconf LONG_BIT`. Usitegemee `uname -m`, kwa sababu Raspberry Pi OS ya biti 32 inaweza kuwa na keneli (kiini cha mfumo) ya biti 64 nayo ikajibu `aarch64`. Ukichanganya, utaona ujumbe wa `wrong ELF class`.

Usitumie `-march=native` kwenye faili utakalosambaza. Likienda kwenye prosesa isiyo na maelekezo hayo, programu inakufa kwa `Illegal instruction`. Vilevile faili lililokompailiwa kwenye mfumo mpya likipelekwa kwenye wa zamani hulalamika kwamba toleo la GLIBC (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) halipo. Kompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayoihudumia. Kutoka zamani kwenda mpya hakuna shida.

`char` tupu ina alama ya hasi kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD), lakini kwenye Linux ya ARM (aina ya prosesa ya Pi) haina. Msimbo uliotumia `char` kwa pikseli unaweza kupita majaribio yote Arusha kwenye laptopu na kutoa majibu mengine Moshi kwenye Pi. Hali kadhalika `long`: ni biti 64 kwenye Linux ya biti 64, biti 32 kwenye Windows. Ndiyo maana dada ametumia `uint8_t` na `int32_t` kila mahali, nawe fanya hivyo.

Maktaba za Python ziweke kabla ya kupeleka Pi ghalani: `sudo apt install python3-numpy python3-opencv`, kisha `python3 -m venv --system-site-packages mazingira`. Kuanzia Debian 12, pip (kisakinishi cha maktaba za Python) inakataa kuweka kitu nje ya venv (mazingira yaliyotengwa) na kukuandikia `externally-managed-environment`.

Kingine ni joto. Moshi iko chini kuliko Arusha na ghala la bati mchana linachemka. Pi 4 inaanza kupunguza kasi yake ikifika nyuzi 80, kwa hiyo vipimo vya asubuhi na vya saa nane mchana havilingani, nawe utalaumu msimbo. Endesha `vcgencmd get_throttled`. Jibu la `0x0` ni salama. `0x50000` maana yake tangu iwashwe imewahi kukosa umeme wa kutosha na imewahi kupunguzwa kasi. Chaja ya simu ya kawaida haitoshi, tafuta ya volti 5 na ampea 3, na weka kipoza joto chenye feni.

---

PunjeMoshi:

Nimekompaili juu ya Pi, inaitika. Lakini nilipobadilisha kidogo ili nitazame majirani wa mbali zaidi, Python inazimika na neno moja tu: `Segmentation fault`. Natafutaje mstari wenye kosa? Na Pi ina kori nne, nazitumiaje? Nasikia Python ina kufuli linalozuia thredi (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja).

---

DadaWaNjiro:

Kosa lenyewe nalikisia: umeongeza dy hadi 2 lakini y bado inaanzia 1. Kwa y=1 na dy=-2 unasoma kabla ya mwanzo wa picha. Umbali wa jirani ukiwa 2, lupu zianzie 2 na ziishie kimo - 2 na upana - 2.

Lakini usitegemee kukisia. Anza na `python3 -X faulthandler pima.py`, itakuonesha mstari wa Python uliokuwa unaendeshwa wakati wa kuanguka. Kisha kompaili toleo la uchunguzi lenye AddressSanitizer, kifaa kinachokagua matumizi ya memori:

```
gcc -g -O1 -fsanitize=address -shared -fPIC -o libmadoa.so madoa.c
LD_PRELOAD=$(gcc -print-file-name=libasan.so) \
ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0 python3 pima.py
```

LD_PRELOAD ni lazima kwa kuwa Python yenyewe haikukompailiwa na kifaa hiki. `detect_leaks=0` inazima ripoti za memori ambayo Python huiacha wazi inapofunga; hizo zingekufunika. Ukivuka mpaka wa arei, utaambiwa mstari gani wa `madoa.c`, na umevuka kwa baiti ngapi. Kusoma kidogo nje ya arei mara nyingi hakuangushi programu, kunaharibu jibu tu, kwa hiyo endesha hivi hata pale unapoona mambo ni shwari.

Toleo lako la Python la polepole usilifute. Liweke kwenye faili la majaribio, tengeneza picha za bahati nasibu za pikseli 200 kwa 200 zenye mbegu ileile kila mara, linganisha kwa `np.array_equal`. Weka pia picha ya upana wa pikseli 3, picha isiyo na punje, na punje inayogusa ukingo. Na katika toleo la Python geuza kwanza kuwa `int16`, kama Themi_64 alivyosema.

Kuhusu kori nne: kufuli lipo, lakini `ctypes.CDLL` inalifungua kabla ya kuingia C na kulifunga tena inaporudi. OpenCV nayo inalifungua. Kwa hiyo thredi za kawaida zinatosha:

```python
cv2.setNumThreads(1)
with ThreadPoolExecutor(max_workers=3) as kundi:
    for jina, jibu in zip(majina, kundi.map(chambua, majina)):
        andika(jina, jibu)
```

Nimeweka 3 ili kori moja ibaki kwa kamera. `setNumThreads(1)` inazuia OpenCV isizae thredi zake ndani ya kila thredi yako, maana zingegombania kori zilezile. `chambua` ipokee jina la faili na isome picha yenyewe. Ukisoma picha zote kwanza ukazipanga kwenye orodha, kila moja inakaa na MB 37 na utaijaza memori kabla kazi haijaanza.

Piga hesabu ya memori: picha MB 37, kijivu 12.3, alama 12.3, lebo 49.3, tofauti 24.7 kabla hujaifuta kwa `del`. Hiyo ni karibu MB 136 kwa thredi, thredi tatu zinakaribia MB 410. GB 2 zinatosha. `PyDLL` usiitumie hapa. Inafanana na `CDLL` lakini inaliacha kufuli limefungwa, na thredi zako tatu zitasubiriana.

Ndani ya C usiweke vigezo vya `static` vinavyoandikwa, na kila mwito uwe na `matokeo` yake, kama ilivyo sasa. Thredi mbili zikiandika `hesabu[p]++` kwenye arei moja, baadhi ya nyongeza zinapotea, na idadi inabadilika kila unapoendesha picha ileile.

Ukija kuamua kutumia multiprocessing badala ya thredi, pitisha majina ya faili pekee kati ya michakato. Ukipitisha picha, Python inaifunga, inaituma kwa bomba na kuifungua upya, MB 37 kila safari, na muda ulioupata kwenye C unauacha hapo.

---

PunjeMoshi:

Ndivyo ilivyokuwa dada, y ilianzia 1. Kifaa kimetaja mstari wenyewe. Nahamia kwenye thredi sasa, na fanksheni ya wastani nitaiweka hapa muikague.

---

Themi_64:

Ukiileta, hakikisha unagawanya kwa idadi baada ya kukagua kwamba si sifuri. Kugawanya namba kamili kwa sifuri kwenye x86 kunaua programu, kwenye ARM ya biti 64 kunarudisha 0 kimyakimya, na kompaila haina wajibu wa kukuahidi lolote kati ya hayo mawili.